Kompyuta Nzito ya Mchora Ramani

Chumba cha kulia ndicho kilichokuwa ofisi ya mchora ramani. Upande mmoja wa meza familia ilikula. Upande wa pili ilikaa kompyuta yake, imezungukwa na karatasi zilizoviringishwa. Kwa kompyuta hiyo alichora nyumba za watu, na wengi walimsifu kwamba mistari yake ilinyooka kama uzi wa mwashi.

Alasiri, alipopumzika, kiti chake alikikalia mama mkwe wake. Dada ya mama huyo aliishi mbali. Alikuwa amepooza upande mmoja na ulimi wake ukawa mzito, hivyo simu ya sauti haikumfaa kitu. Ndugu hao walitazamana kwenye skrini, wakaongea kwa mikono, kwa nyusi na kwa vicheko.

Kisha kompyuta ikaanza kujikokota kama kobe. Ungeweza kufungua ramani, ukaenda kuoga, ukarudi ukaikuta bado inafikiri. Siku moja ikaganda mbele ya mteja, na kazi ya asubuhi nzima ikapotea. Mchora ramani akapandwa na mori. Wakati huohuo mama mkwe ndiyo kwanza alikuwa anaingia.

"Mama, mashine hii ni ya kazi, si ya soga!" alifoka. "Tangu uanze kuigusagusa imekuwa nzito. Niachie kompyuta yangu!"

Mkewe, aliyekuwa akimimina chai, alisimama kama aliyepigwa na radi. Mteja akainamisha macho.

"Nisamehe, baba," mama mkwe alisema kwa sauti ndogo. "Sikujua kama naharibu."

Mteja alipoondoka, mkewe alimgeukia. "Mama yangu unamwambia hivyo mbele ya watu?"

"Nimesema ukweli. Ukweli unauma."

Tangu siku hiyo mama mkwe hakuikaribia. Kila alasiri alikaa kibarazani, mikono mapajani. Hata hivyo, kompyuta haikupona, ilizidi kulemaa. Asubuhi moja ilipomgandia tena, mchora ramani aliamua kuangalia ni programu zipi zilizokuwa zikifanya kazi ndani yake.

Alipoziona, alianza kuzihesabu. Kulikuwa na programu ya matokeo ya mpira, ya kupakua filamu, ya redio, michezo ya mbio za magari, na nyingine ambazo hata hakukumbuka aliziweka lini. Zote ziliamka kila kompyuta ilipowashwa, zikaendelea kuchapa kazi chinichini hata alipodhani amezifunga. Na zote alizileta yeye. Ile ya mama mkwe, ya simu za video, ilikuwa imelala fofofo. Haikuamka mpaka iitwe.

Alizifunga, akazizuia zisijiwashe zenyewe, na asizozihitaji akazifuta kabisa. Alipoiwasha upya, ramani ilifunguka hata kabla hajavuta kiti. Badala ya kufurahi, uso ulimshuka. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mke wangu, kumbe ni mimi," alisema mlangoni mwa jikoni. "Takataka zilizoilemea ni zangu."

"Aliyefokewa si mimi," mkewe alijibu bila kugeuka. "Mwenyewe yuko nje."

Akatoka, akachuchumaa mbele ya mama mkwe.

"Mama, nilikuonea. Kosa lilikuwa langu. Nakuomba radhi. Twende tukampigie mama mdogo."

"Atakuwa amenuna," mama mkwe alisema. "Anadhani nimemtupa."

Kweli, uso wa mgonjwa ulipotokea kwenye skrini, uligeukia ukutani. Mchora ramani akainama mbele ya kamera, akaeleza yote bila kujitetea: alivyofoka, alifoka mbele ya nani, na zile programu zilikuwa za nani. Masikio yalimwaka moto. Mgonjwa alisikiliza, akageuka polepole, akaupunga mkono wake mzima.

"Anasemaje, mama?" aliuliza, akitumaini amesamehewa.

"Anasema usogee. Unaniziba, hanioni."

Akasogea hadi ukutani, akasimama pale kichwa chini, huku ndugu wawili wakilia na kucheka kwa pamoja. Wezi wa kasi ya kompyuta alikuwa amewafuga mwenyewe, tena kwa mikono yake, akamsingizia mama wa watu. Ama kweli, kikulacho ki nguoni mwako.