Nuru ya Fundi Radi

Maneno ni mepesi kama pumba. Upepo ukivuma, hayaonekani tena. Ndiyo maana wahenga walipotaka kumjua mtu hawakumtegea sikio tu, bali walimkazia macho waone atendalo.

Palikuwa na fundi wa kuchomelea vyuma mwenye hasira za karibu mno, hata majirani wakambandika jina la Radi. Mkewe, mshonaji nguo, alijua jioni itakuwaje kwa kusikiliza tu viatu vya mumewe vikipanda ngazi. Mwaka uliotangulia, binti yao wa pekee aliudaka mkono wa baba yake ulipokuwa ukimshukia mama. Radi akamfukuza, akaapa jina lake lisitajwe tena nyumbani mwake. Mama mtu alinyamaza, na ukimya ule ukamganda kama mwiba wa samaki kooni.

Basi asubuhi moja umeme ukamrusha Radi huko karakanani. Wenzake walimkuta chali, hapumui. Wakamkandamiza kifua mpaka pumzi ikarudi. Alipozinduka hospitalini alikuwa akilia. Alisema alijiona yuko juu darini akiutazama mwili wake mwenyewe, kisha nuru ikamfunika, nyororo kama blanketi la mtoto mchanga, na chuki zote zikamtoka. Daktari alieleza kwamba ubongo ukikosa hewa huona mengi. Dada yake Radi alisema hiyo ni ishara kutoka juu. Watani wa mtaani nao wakasema Radi kapigwa na radi, dawa ya moto ni moto. Mkewe hakujali nuru ile ilitoka wapi. Alitaka kujua ingempeleka wapi mumewe.

Radi alirudi nyumbani na sauti ya chini. Kila jioni sebule ilifurika watu waliokuja kumsikiliza. Aliwaambia amezaliwa upya, na kwamba duniani hakuna kingine ila upendo. Kila aliposimulia, sauti ilimtetemeka palepale, na wageni wakafuta machozi. Mkewe aliwapa chai. Kelele za mumewe alikuwa amezizoea. Upole huu hakujua utaishia wapi.

Jioni moja, wageni walipokwisha kuondoka, mkewe alisimama karibu na mlango kama aliyejiwekea njia ya kukimbilia.

"Mwenzangu," alisema, "unawapenda walimwengu wote. Mwanao je?"

Taya la Radi likakazana. Mshipa wa shingo ukamsimama, na mkono wa kulia ukakunja ngumi juu ya meza. Mkewe akaona nuru imezimika. Lakini Radi aliikodolea macho ile ngumi kama anayetazama kitu cha mtu mwingine, kisha akainuka akaenda kulala.

Asubuhi alikuwa ametoka bila kuaga. Karakanani walisema hawajamwona. Dada yake alikiri kwamba amemwelekeza anakoishi binti. Ndipo simu ikalia.

"Mama, baba yuko mlangoni kwangu. Nimfungulie?"

Mshonaji akaweka kando nguo aliyokuwa akishona. Je, kama ni yule wa zamani? Na kama ni mpya kweli? Mara ya kwanza alinyamaza, na mwanawe ndiye aliyelipa.

"Usifungue," alisema. "Nakuja."

Alifika anahema, futi ya kupimia nguo ingali shingoni. Radi alikuwa ameketi kwenye ngazi mbele ya mlango uliofungwa. Mkewe akampita, akasimama kati yake na mlango.

"Umekuja kunisimulia nuru yako?" binti aliuliza kutoka ndani.

"Hapana," Radi alijibu. "Hiyo ni rahisi kusimulia. Nilimpiga mama yako. Ukanizuia, nikakufukuza kwa sababu ulikuwa na haki. Naomba radhi, mwanangu." Kisha akainamisha kichwa bila kumtazama mkewe. "Nawe pia, mwenzangu."

"Leo sifungui, baba."

Mshonaji akajikaza, akingoja dhoruba. Radi alisimama taratibu, akajipangusa suruali.

"Haya, mwanangu," alisema, akashuka ngazi.

Wageni walipokuja jioni ile, aliwaomba radhi kwamba hana tena la kusimulia. Wengine walinung'unika kwamba nuru imemwacha. Lakini kila wiki alirudi kuketi kwenye ngazi zile, akaondoka kila alipoambiwa aondoke. Hofu ya mkewe haikutoka kwa siku moja. Ilipungua kama maji ya mafuriko, leo kidogo, kesho kidogo. Ilichukua miezi mingi binti kufungua mlango, na hata hapo aliufungua nusu. Radi alipenya kwa ubavu, akakaa pale alipoonyeshwa. Hapo ndipo mkewe alipoamini kwamba kweli mumewe amegeuka, kwa maana ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo.