Kasia Lililozikwa Nyamuhisi

Zamani ambazo hata bibi zetu walizisikia tu, ziwa lilikuwa hilihili na upepo ulikuwa huuhuu, lakini watu wa kisiwa cha Nyamuhisi walisafiri kwa makasia peke yake. Tanga walikuwa wameliona mara moja, kwa mgeni aliyepita njia, na kwa mara hiyo moja wakajifanya wanalijua lote. Walisema mtumbwi wa tanga huenda unakokwenda upepo tu, kama jani, basi. Walisema pia kwamba tanga likiguswa na mwanamke linachanika. Waliosema hayo kwa sauti kubwa zaidi ni wale ambao hawajawahi kulowa kupita vifundo vya miguu.

Nyangeta aliligusa. Yeye na mumewe, Kaitira, walilishona kwa ukindu nyuma ya nyumba yao miezi mitatu mizima, na halikuchanika. Hawakuwa na mtoto. Jioni walikula wawili, wakacheka wawili, na hawakuona kama kuna kilichopungua.

Kiangazi kilipofika, chumvi ikaisha kisiwani. Upepo wa kiangazi hutoka Nyamuhisi kwenda ng'ambo, ilikokuwa chumvi, na hauchoki wala haugeuki mpaka mvua za kwanza. Kaitira akasimamisha mlingoti. Kabla ya kusukuma mtumbwi majini, akampa mkewe kasia lake.

"Baki nalo," alimwambia. "Nikienda nalo watasema nilirudi kwa kupiga kasia. Nitarudi kwa tanga, na upepo ni huuhuu."

"Upepo utakuwa usoni mwako."

"Nitaukata upandeupande. Nitakwenda kulia, nigeuze, niende kushoto, nigeuze tena. Ukiona nakupa mgongo, usikate tamaa, mke wangu. Ndiyo njia yenyewe."

Kisha upepo ukamchukua, na Nyangeta akabaki ufukweni na kasia mkononi.

Siku arobaini zilipopita, Mugonya, kaka mkubwa wa Kaitira, alikuja na wazee. "Shemeji, huyu tumekwisha kumpoteza," alisema kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya. "Kasia hana, na upepo haurudi nyuma. Tumlilie kama watu."

Desturi yao ilikuwa kwamba mtu asiyeonekana maiti yake huzikiwa kitu chake alichokishika zaidi. Wakalitoa kasia mikononi mwa Nyangeta, wakalivika nguo ya gome la mti, wakalizika juu kidogo ya ufukwe. Wakamnyoa nywele, wakazima moto wake, wakabomoa paa la nyumba yake. Wakamhamishia kwa Mugonya akae huko mpaka msiba uishe, halafu awe mke wake. Nyangeta aliwaambia mara moja tu kwamba mumewe yu hai. Wakamtazama kwa huruma, naye akaona afadhali wangemtukana. Mle nyumbani kwa watu wengi alikuwa peke yake kuliko alivyowahi kuwa. Maji aliyachota mara tano kwa siku, hata mitungi ikiwa imejaa, apate tu kulitazama ziwa.

Siku ya kumaliza msiba watu wote walishuka asubuhi ufukweni kuoga. Hapo ndipo tanga likaonekana.

Nyangeta alipiga kelele ya furaha. Mtumbwi ulikuja upande wa kulia, ukakua mpaka mlingoti ukaonekana, kisha ukageuka na kwenda zake kushoto.

"Anatupita," akasema Mugonya. "Si wetu."

Ukageuka tena, ukaja. Ukageuka tena, ukaenda. Watu wakaanza kusogeleana. Mtu anayekwenda kwake, walisema, haendi kama mlevi. Tena upepo ulikuwa unawapiga mgongoni, na kitu kile kilikuwa kinausogelea! Mzee mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba huo ni mzimu unaotafuta kasia lake, na anayeukabili usoni hufa mwaka huohuo. Ikawa mbio. Watu wakampa mgongo yule aliyekuwa ziwani, wakaingia majumbani, wakafunga milango mchana kweupe.

Nyangeta alikataa kuondoka. Mugonya akamvuta mkono. Nyangeta akageuza shingo mara ya mwisho, na bahati yake mbaya, ndio muda ule mtumbwi ulikuwa umegeuka, tanga dogo, mgongo wake wote ukimtazama. Aliyakumbuka maneno ya mumewe. Aliyakumbuka vizuri kabisa. Lakini alikuwa amekaa siku nyingi na watu wenye uhakika, na moyo wake ulikuwa umechoka kushindana peke yake. Akaingia ndani, akajifunika nguo kichwani.

Jua lilipoanza kupoa alifungua mlango, wa kwanza katika kisiwa kizima. Mchangani kulikuwa na nyayo za mtu mmoja. Zilitoka majini mpaka kwenye kaburi la kasia. Zilikwenda mpaka nyumba isiyo na paa, zikaizunguka. Zilikuja mpaka mlango wa Mugonya, zikasimama hapo muda mrefu, kwa maana mchanga ulikuwa umechimbika. Kisha zikarudi majini. Kizingitini palikuwa na mfuko wa chumvi.

Ziwani tanga lilikuwa likienda ng'ambo, na safari hii halikwenda upandeupande. Lilikuwa na upepo nyuma yake.

Nyangeta aliita mpaka sauti ikakauka. Halafu akalifukua kasia kwa mikono, akalisimika penye maji, bapa juu, lionekane kutoka mbali. Mugonya alimtazama, akautazama mfuko wa chumvi, asimtaje tena kuwa mke wake. Nyangeta akakaa chini pembeni ya kasia, na pale ndipo alipozeekea.

Na tangu siku hiyo, Nyamuhisi hawamzikii mtu kasia. Anayesafiri kwa tanga hulisimika la kwake ufukweni, na halichomolewi na mkono mwingine. Tanga likionekana, aliyeliona wa kwanza hukaa chini, wengine wakakaa naye, na hata likiwapa mgongo mara kumi hakuna anayeinuka mpaka lifike. Siku hizi kila mtoto anajua kwamba mtumbwi huweza kurudi na upepo uleule uliouchukua. Utayakuta makasia mengi pale mchangani, kila moja na mtu wake. Moja tu halijachukuliwa. Likioza, watu hulichongea jingine, wakalisimika palepale.