Kengele Haijibu Swali

Kengele haijibu swali. Mmenisikia nikimwambia baba yenu, mkacheka, sasa mnataka kujua nimeutoa wapi msemo huo. Zimeni televisheni. Methali hii ilianza hivi.

"Hamsini! Nani alikutuma useme hamsini?" Sekela alikuwa akimfokea Nsajigwa katikati ya mapumziko ya fainali ya mashindano ya shule ya sayansi na hisabati. Walikuwa timu moja. "Miti kumi kwenye mstari, mita tano kati ya mti na mti. Nafasi ni tisa! Arobaini na tano!"

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Ningesema saa ngapi? Swali halijaisha, wewe umeshabonyeza kengele!"

"Tusipowahi, wale watatuwahi."

"Waache watuwahi kukosea!"

Kosa lile liliwapotezea alama, wakawa sare na wapinzani. Lilikuwa limebaki swali moja, na zawadi ilikuwa hadubini. Shuleni kwao seli za kitunguu walizijua kwa michoro ya ubaoni tu.

"Mkimaliza kugombana," mwalimu wao, Madam Tusekile, akasema, "amueni nani anakaa na kengele. Mimi sipandi jukwaani."

Nsajigwa aliitazama ile kengele. Asubuhi nzima alishangiliwa kwa kuiwahi. Akaisukuma mbele ya Sekela.

Jaji, mama mmoja asiye na haraka, akasoma: "Barafu inaelea kwenye glasi iliyojaa maji hadi ukingoni..."

Ngriii! Wapinzani.

"Yatamwagika!" nahodha wao akapaza sauti.

"Umekosa. Namalizia swali kwa wenzenu. Barafu yote ikiyeyuka, kimo cha maji kitakuwaje?"

"Kitashuka," Nsajigwa akanong'ona, vidole vikimwasha. "Bonyeza, bonyeza!"

Sekela alikuwa anachora glasi kwenye karatasi. Nsajigwa akaikalia mikono yake.

Ngriii.

"Hakitabadilika," Sekela akasema. "Maji ya barafu yatajaza nafasi ileile ambayo barafu ilikuwa imeichukua majini."

"Sahihi."

Nahodha wa wapinzani akasimama. "Haki iko wapi, mama? Sisi ndio tuliobonyeza kwanza! Na tangu asubuhi tumekuwa wepesi wa kubonyeza!"

Jaji akamtazama, kisha akaitazama meza ya zawadi. Akainyanyua hadubini na kuiweka mikononi mwa Sekela.

"Ni kweli mlibonyeza kwanza, mwanangu," akasema. "Lakini kengele haijibu swali."