Mama Aliyeogopa Kutamka Jina

Haya wenzangu, sogeeni. Na wewe mwenye mtoto, mnyonyeshe hapo hapo, hakuna wa kukutazama.

Kulikuwa na mama mmoja kijana, kaolewa kwetu huku kwenye migomba na baridi. Na kwetu mnajua: mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni, wala jina lake halitamki. Akimwona anakuja njiani, anapitia shambani. Siku alipoingia pale nyumbani, mama mkwe alimkalisha jikoni akamwambia, "Mwanangu, jina la mkwe ni kaa la moto. Halishikwi kwa ulimi."

Akasikia, akashika. Mungu akampa mtoto wa kiume, na ukoo ukampa mtoto jina la babu yake: Anyosisye. Wote wakamwita hivyo isipokuwa aliyemzaa. Yeye alimwita Baba tu. "Baba, njoo ule. Baba, nawa miguu."

Mume akapata kazi mjini, wakahama. Alasiri moja huyo mama akawapeleka wanawe kiwanja cha watoto cha mtaani. Kiwanja chenyewe kidogo: bembea mbili, bati la kuteleza, matairi yaliyofukiwa nusu, na uzio wa waya wa kuwakinga na barabara. Akamweka yule mdogo, kabinti kasikojua kusema bado, kwenye bembea, akawa anamsukuma taratibu. Mkubwa akawa anapanda bati, anateleza, anapanda tena.

"Mama, nione!"

"Nakuona, Baba."

Kabinti kakavukwa na kiatu. Mama akainama, akamvisha. Kuinua macho, bati tupu.

Akaangalia nyuma ya matairi. Hayupo. Huko nje kengele ya muuza barafu za lambalamba ilikuwa inaishilia, na malori yanapita kama yanafukuzwa. Mama akambeba mdogo, akaanza kuita, "Baba! Baba wee!"

Sasa niwaulize, kiwanja kimejaa watoto, na kila mtoto anamwita babake. Nani atageuka?

Akina mama waliokuwa wamekaa pembeni wakaona machozi, wakaja. Mmoja mnene, mwenye sauti ya kuuza samaki, akauliza, "Umepotelewa na nani, dada?"

"Mwanangu."

"Anaitwa nani, tumwite wote?"

"Baba."

"Hilo la kumbembelezea. Jina lake lipi?"

"Ana jina la baba mkwe wangu."

"Na baba mkwe wako ndiye nani?"

Mama akatazama chini.

"We dada! Kwani mkwe yupo hapa?"

"Yuko kijijini."

"Basi mkwe yuko kijijini, amekaa zake anakunywa chai, na mtoto yuko barabarani. Unamwogopa yupi?"

Mnacheka? Msicheke. Kinywa kilichofundwa kunyamaza hakifunguki kama mlango wa banda la kuku. Alijaribu yule mama. Jina likafika kwenye meno, likarudi. Akajaribu tena, likarudi. Mara huko nje lori likafunga breki, likalia. Hapo aibu ikamtoka yote. Akapiga ukelele:

"Anyosisye! Anyosisyeee!"

Na mnajua nani aliitika? Sauti ya mwanamke, ng'ambo ya uzio: "Yuko hapa! Njooni, yuko hapa!"

Wakakimbia wote. Wakamkuta muuza mahindi ya kuchoma amekaa kwenye kigoda chake, kambana mtoto katikati ya magoti, na mtoto anatafuna hindi, masizi mpaka masikioni. Alitokea kwenye tundu la waya akifuata lambalamba, yule muuza mahindi akamdaka kabla hajakanyaga lami. Na lile lori lilikuwa limemfungia breki mbuzi.

"Nilimuuliza jina akanitajia," akasema muuza mahindi. "Nikasema nitulie, nimsikilize atakayemwita kwa jina hilo, maana mtoto wa watu hakabidhiwi mtu yeyote tu. Wewe nimekusikia tangu mwanzo unalia baba, baba. Nikasema maskini, dada wa watu kafiwa."

Mama akakaa palepale vumbini na kabinti kake, akamvuta mkubwa kifuani, analia na kucheka. Na mtoto, mdomo umejaa mahindi, akamwambia, "Mama, leo umeniita!"

Jioni akampigia simu mama mkwe. "Mama, nimekosa. Nimelitamka." Akaeleza yote, akangoja kuambiwa alete kuku wa kuomba radhi. Akamsikia mama mkwe akimweleza mzee. Halafu sauti ya mzee ikasikika kwa mbali, akisema na mkewe: "Mwambie heshima yangu ni huyo mtoto. Angenyamaza akampoteza, angebaki kuniheshimu kwa nini?"

Wenzangu, na sisi je? Binti kapigwa na mume, tukimuuliza hali anasema, "Salama, namshukuru Mungu," huku anavuta kanga kuficha shingo. Mama kaona uvimbe kwenye titi, anatuomba tumwombee "safari." Safari ya wapi, kama si ya hospitali? Tukipiga magoti tunasema, "Bwana, wewe unajua." Anajua, ndiyo. Lakini jirani uliyekaa naye benchi moja hajui! Na pengine Mungu ameshamweka mtu ng'ambo ya uzio, ameshakishika kile unachokililia, anangoja tu akusikie ukikitaja. Wewe unalia baba, baba. Yeye anakuhurumia, na hanyanyuki.

Basi leo tukitoka hapa tusikimbilie masufuria. Wewe uliyekaa hapo nyuma, unayetabasamu tangu wimbo wa kwanza na macho yamevimba, baki. Nasi tutabaki na wewe. Hatutakuuliza hujambo. Tutakuuliza, mwenzetu, anaitwa nani, tumwite wote?