Masale Mpaka Bwawani

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walichoka kufia vichakani, wakaunda Mamlaka ya Hospitali. Mwenyekiti akawa Kiboko. Wakampa nguvu mbili tu: kutwaa ardhi, na kujenga juu yake.

Kiboko akatwaa shamba la Ngiri. Akapanda masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka, na isale likishapandwa mbele za watu haling'olewi. Akatwaa na la Nungunungu. Hospitali? Wapi! Majani yakaota, naye akayala, kwachu! kwachu! Wanyama wakanyamaza, eti ni sheria. Hilo linaniudhi mpaka leo.

Siku moja akamjia Mama Digidigi, ambaye mwanawe alikuwa na homa tangu masika, hata kusimama hawezi.

"Ninalitwaa shamba lako kwa ajili ya hospitali!" Kiboko alinguruma mbele ya kijiji kizima.

"Karibu, Mwenyekiti," alisema Mama Digidigi. Moyo ulimuuma, lakini hakulia. "Ila wagonjwa watakunywa nini? Hapa hapana maji. Au nguvu zako hazifiki kule bondeni?"

"Ebo! Zisifike? Zangu mimi?"

Kiboko akashika njia akichomeka masale, chwa! chwa! chwa! Wanyama wakashangilia, na shangwe zikamlevya. Akateremka bondeni, akalizungushia bwawa lote.

"Mmeona?"

"Tumeona," Mama Digidigi alisema taratibu. "Sasa bwawa lako la kuogea ni la wagonjwa."

Lo! Kiboko akanyoosha mdomo ang'oe isale.

"Hapana, baba," Mama Digidigi alimzuia. " Kutwaa tulikupa. Kujenga tulikupa. Kurudisha hatukukupa."

"Na jua hili? Ngozi yangu itapasuka!"

"Ngozi kupasuka ni ugonjwa, mzee. Jenga hospitali, tutakulaza humo bwawani."

Basi Kiboko akajenga, tena mbio, akibeba mawe na kuhema, hoo! hoo! Mtoto wa Digidigi alinyweshwa dawa pale pale palipokuwa shamba la mama yake, akapona. Shamba halikurudi. Mama alilikumbuka sana, lakini kila alipomwona mwanawe akirukaruka, alishukuru.

Yangu yameishia hapo, nanyi shikeni hili: mtu akisema ametwaa ili ajenge, muulizeni ukuta uko wapi.