Mvyale wa Mwamba Mkavu

Hapo zamani, nchi kavu ilipokuwa mwamba mtupu, Mola hajaujalia bado hata uzi mmoja wa kijani, Bi Mwani aliishi katika ziwa la maji baridi. Hakuwa na mzizi, hakuwa na shina, hakuwa na jani. Maji yalimbeba, maji yalimlisha, naye akashukuru. Lakini alizaa wana watatu, na ni mwana gani akubaliye kukaa palepale alipokaa mama?

Wa kwanza, Kuvumwani, alipanda mwambani. Jua likamkausha akawa kama maiti. Umande ukamrudishia roho. Akajipaka nta, akalishika jiwe kwa vinyweleo vyake, akalala. Miaka kwa miaka akalimung'unya jiwe lile hata likawa udongo.

Wa pili, Kangaga, alitia mizizi katika udongo huo. Akajichonga mishipa ya kupandishia maji, akasimama wima, akakunjua majani mapana.

Wa tatu, Mtapo, mwenye makuti kama mnazi mfupi, alikulia kivulini mwa Kangaga. Yeye alimfunga mwanawe ndani ya mbegu, akamtilia na masurufu ya safari. Mbegu zikavuka majabali ambayo umande hauyajui, na mlima mzima ukavaa kijani.

Ndipo Konokono na jamaa zake walipofika ukingoni mwa ziwa, wakitaka kuingia nchi kavu. Lakini ada ni ada: hakuna agusaye ardhi bila kumwomba ruhusa mvyale, mlinzi wake; na mvyale ni mmoja, naye hutajwa na mama wa ukoo.

"Bi Mwani, hodi tumpigie nani?" akauliza Konokono. "Nyumba nimeibeba mgongoni, nami si kijana."

Kiangazi kilikuwa kimeingia na ziwa limenywea. Bado kitambo kidogo Bi Mwani alale usingizi topeni hadi masika. Akawaita wanawe.

"Mama," akasema Kuvumwani, "nilifika hapana hata vumbi. Hawa wawili wamesimama juu ya jasho langu."

Kangaga akacheka. "Shikamoo, kaka. Lakini miaka yote hiyo umefika kimo gani? Konokono akiingia hatakuona, atatambaa juu yako tu! Mwili wa kusimama nimeubuni mimi. Bila mishipa yangu, ukoo mzima ungekuwa zulia."

"Na mlima je?" akadakia Mtapo. "Mmepewa nchi, ninyi mkakaa kizingitini."

"Kizingiti cha mama, bwana mdogo!" akajibu Kuvumwani. "Mimi sikuoa bila tone la maji, wala Kangaga hakuoa bila tone. Harusini kwako, nani alimwalika mama?"

Mtapo akainama. Katika ukoo ule, mbegu ya mume haikumfikia mke ila kwa kuogelea. Tone hilo la maji, asili ya Bi Mwani, ndilo heshima yake katika kila harusi. Mtapo pekee aliutuma unga wake wa chavua kwa upepo, akaoa pakavu.

"Mama, sikukudharau," akasema taratibu. "Nilikokwenda maji hayapo. Ningelingoja tone, mlima ungekuwa mtupu hadi leo."

Bi Mwani akawatazama, na kifua chake kikakunjuka. Aliiona subira yake mwenyewe kwa Kuvumwani. Kwa Kangaga alikiona kimo ambacho yeye, mtoto wa maji, hakuthubutu hata kukiota. Kule kutoalikwa kulimchoma kidogo, hakukana. Lakini alipouinua uso na kuuona mlima ulivyopendeza, alimhimidi Mola. Radhi aliwapa wote watatu, kwani radhi ni kama moto wa taa: huwasha nyingine usipungue. Lakini uvyale haugawanyiki.

Tope likamfika shingoni.

"Jina, bibi," akanong'ona Konokono, "jina moja tu!"

Bi Mwani akafumbua kinywa. Nami, waungwana, hapa nakifumba changu, nawaachia ninyi neno lake. Je, nani aliustahili uvyale: aliyeugeuza mwamba kuwa udongo, aliyeufundisha mwili kusimama, au aliyeuvisha mlima wote kijani pasipo kumwalika mama harusini?