Mwinda Kanga Huanza Mkiani

"Mwinda kanga huanza mkiani." Mmeisikia asubuhi hii mkacheka, kisha mkauliza ilikotoka. Haya, methali hii ilianza hivi.

Huko Unyamwezi, Mihambo alikuwa ameoa binti wa Mama Kalunde, na hakuwa na cha kujivunia ila bunduki yake ya upepo. Shemeji yake alipoposwa, mdomo ukamponza. Akatamka mbele ya ukoo mzima: "Kitoweo cha wageni niachieni mimi. Nitaleta kanga watano!" Mama mkwe akamwamini, hakukamata hata kuku mmoja.

Alfajiri Mihambo akajificha kichakani karibu na lambo. Kanga wakaja kunywa maji, wakifuatana mmoja nyuma ya mwingine kama ilivyo kawaida yao, dume nono mbele. Mihambo akalitamani. Bunduki ikakohoa, paf! Dume likaanguka likitapatapa, wa nyuma wakaliona, na kundi zima likaruka kwa makelele. Kesho yake akafanya vilevile, akalenga tena wa mbele, akamkosa. Wageni walikuwa wanakuja siku inayofuata, naye ana kanga mmoja tu.

Akarudi kichwa chini, akaketi nje ya ua wa wakwe zake. Aliona aibu kweli. Kwa desturi yao mama mkwe hasemi na mkwewe uso kwa uso, lakini mbuzi hana ukwe na mtu. Mihambo akamsikia Mama Kalunde ndani ya ua.

"We mbuzi, mimi nimelinda karanga shambani miaka thelathini, kanga nawajua. Hawaangalii nyuma. Akianguka wa mbele, wote wanamwona. Akianguka wa mwisho, nani atajua? Lakini mwanamume mwenye bunduki utamwambia nini?"

Mihambo akainamisha kichwa. "Mbuzi, mpe mama shikamoo yangu. Mwambie nimesikia."

"Marahaba," sauti ikajibu. "Na asilale sana kesho!"

Asubuhi iliyofuata dume jipya lilipita mbele yake, limenenepa, na kidole kikamwasha. Akavumilia. Akampiga wa mwisho, kadogo tu, paf! Waliotangulia hawakugeuka. Akaikunja bunduki, akatia risasi nyingine, akampiga aliyebaki nyuma. Walipofika majini, wanne walikuwa wamelala majanini, na kiongozi anakunywa zake, hana habari.

Wageni walikula wakajilamba vidole. Mama Kalunde akamtuma binti yake ampelekee Mihambo bakuli lenye firigisi zote tano, heshima ambayo hata mjomba wa bibi harusi hakuipata. Mjomba akakodoa macho.

"Ehe, mkwe, nasikia wanne ni wa asubuhi ya leo tu. Umewezaje?"

"Mwinda kanga, mjomba, huanza mkiani."

Jikoni Mama Kalunde akacheka mpaka wageni wakamsikia, na Mihambo akafurahi kuliko siku aliyooa.

Basi mkimwona mtu anarukia kubwa na madogo hajayagusa, msimcheke. Mwambieni taratibu: mwinda kanga huanza mkiani.